Mchezo wa Kumi Haukuchezwa

Jumanne, 11 Machi 2025

Joto la kufa mtu. Maktabani leo wanafunzi wanne tu, na wawili wamelalia vitabu vya saikolojia. Nimewaacha walale.

Nimefungua kauntabuku langu la mpira wa kikapu. Hesabu nimeirudia mara tatu, jibu ni lilelile. Timu sita za wasichana wa vyuo vya ualimu, nafasi mbili za kwenda fainali Dodoma. Kahama wameshachukua moja, hao hawashikiki. Imebaki moja, tunaigombea watatu: sisi Mbula, Ushirombo, na Geita mjini.

Kushinda ni alama mbili. Kufungwa ni alama moja, maana angalau umekuja, umetoa jasho. Usipotokea uwanjani unapata sifuri, na mwenzako anapewa ushindi wa mezani, ishirini kwa bila.

Geita wamemaliza michezo yao yote kumi. Wameshinda mitano, wamefungwa mitano — alama kumi na tano. Sisi tumecheza tisa: mitano tumeshinda, minne tumefungwa. Kumi na nne. Ushirombo vilevile, mitano na minne, kumi na nne. Na mchezo wa kumi ni sisi na wao, Jumamosi saa nane mchana, hapahapa kwetu Kambarage. Atakayeshinda anafika kumi na sita na anapanda basi la Dodoma.

Miaka kumi na minne naandika rekodi za timu hii. Dodoma hatujawahi kufika. Hata mara moja! Tumewahi kuishia mlangoni mara mbili, mara moja kwa pointi moja ya mtupo huru, na aliyeukosa mtupo ule sasa ni mwalimu mkuu huko Maswa, tukikutana bado anainamisha kichwa.

Mwaka huu nawaona wanangu wakifika. Nakiri. Nawaona kabisa.

Alhamisi, 13 Machi

Kocha Ansgar kapita maktabani na matobolwa kwenye mfuko wa rambo. Huwa analetewa na dada yake kutoka Ushirombo, na kila akiletewa yananifikia. Eti kwa ajili ya "Bi Kauntabuku". Nikamwambia maktabani hairuhusiwi kula. Akasema ndiyo maana kaleta viazi vikavu, havina harufu. Mwanaume huyu ana majibu!

Tukala nyuma ya rafu ya jiografia.

Akataka nimsomee michezo yetu yote ambayo haikuchezwa. Kila tukikaribia mchezo mkubwa anataka nimsomee hiyo. Anasema inamtuliza. Nikamsomea. Mwaka 2015, tunacheza na Kahama, robo ya tatu, ng'ombe kama arobaini wakakatiza uwanja, na mwenyewe nyuma yao anasema hii ndiyo njia yao tangu kwa babu yake. Nimeandika A, umeahirishwa, tukaucheza wiki iliyofuata. Mwaka 2018 mvua, uwanja ukawa bwawa, vyura wakaimba chini ya goli. F, umefutwa. Mwaka 2020, korona, michezo minne mfululizo: F, F, F, F.

Ya korona ndiyo iliyoleta kanuni mpya. Timu nyingine zilikuwa zimecheza kumi, nyingine sita, alama zikawa hazina haki. Ligi ikaamua: mchezo ukifutwa, si ushindi, si kipigo, ni kama haukupangwa kabisa. Na msimu ambao una F hata moja, tunaacha alama, tunahesabu asilimia. Umeshinda mingapi kati ya uliyocheza. Mkilingana, anatangulia aliyemfunga mwenzake mlipokutana.

Mwisho nikamsomea za M, za mezani. Tunazo tatu. Ansgar hazipendi, na mimi sizipendi. Mezani hakuna aliyeruka, hakuna aliyefunga. Nahodha wetu Dorah aliwahi kuniuliza, mama, kwenye zile ishirini za mezani mimi nimefunga ngapi? Nikamwambia sifuri, mwanangu. Alinuna siku mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Msiba.

Mama yake Salvina kafariki jana jioni. Salvina ndiye nahodha wa Ushirombo. Kocha wao, Raphael, alimpigia Ansgar saa kumi na mbili asubuhi. Ansgar kaja mpaka mlangoni kwangu, kofia mkononi, nikajua kabla hajafungua mdomo.

Raphael ni mwanafunzi wake wa zamani. Kamwambia tu, mwalimu, kesho hatutaweza kuja, tunamzika mama yake Salvina saa nane. Ansgar kamjibu mchezo haupo, kesho tuko pamoja nanyi. Wakakata simu. Mambo yakaisha hivyo, kama watu wazima wanavyomaliza mambo.

Mazoezini wasichana wamekaa chini kwenye sementi. Dorah na Salvina uwanjani ni paka na panya. Wanakwaruzana, wanavutana jezi, nimewaandikia faulo mpaka kalamu ikaisha wino. Lakini mwaka jana Dorah alipoteguka mguu kule Ushirombo, ni Salvina aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, na mama yake huyohuyo ndiye aliyepika uji akauleta. Dorah kasema neno moja tu. Tunaenda.

Mimi mdomo wangu! Nikauliza: mmeandika barua?

Wote wakanitazama. Barua gani tena, Mama Nelly? Nikawaambia kanuni ya kumi na tisa: kufuta au kuahirisha mchezo ni barua ya timu zote mbili, saa arobaini na nane kabla. Ansgar akanijibu polepole, bila hasira, kwamba saa arobaini na nane kabla marehemu alikuwa anapalilia mahindi yake.

Ni kweli. Nani katika nchi hii anaandika barua ili aende kuzika? Kanuni zile zina ukurasa mzima wa rangi za bukta, msiba hauna hata mstari. Na waliozitunga ni watu wa hukuhuku, na mimi nilikuwa mwandishi wa kikao. Hatukukumbuka kuandika kifo.

Limebaki la refa. Meshack yuko Nyarugusu, ana duara, shimo la dhahabu, na wenzake, na akishaingia chini simu haipatikani. Nimempigia mara tisa. Kesho atafika Kambarage na filimbi yake, akute uwanja mtupu. Nimejitolea kubaki ili nimwambie. Wasichana nimewapa masufuria mawili ya jikoni kwa chuo na vitenge vyangu vinne.

Jumamosi, 15 Machi

Wameondoka saa kumi na mbili. Vitenge juu ya trakisuti. Dorah kakaa dirishani, kanipungia bila kutabasamu.

Saa nane kasoro nilikuwa uwanjani peke yangu. Meza, kiti, karatasi ya matokeo. Meshack akatokea kwa bodaboda, katoka Nyarugusu alfajiri, mabasi mawili, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Shikamoo Mama Nelly. Marahaba baba. Timu ziko wapi?

Nikamweleza. Akavua kofia. Halafu, kwa kuwa kazi ni kazi, akatazama saa yake, tukasubiri dakika kumi na tano za kanuni. Sisi wawili! Akapuliza filimbi ya mwisho wa mchezo usioanza. Mbwa mmoja akakurupuka.

Wingu lilikuwa limeshajaa upande wa Ibadakuli. Meshack akasema lazima arudi leo, wenzake wanatoa mzigo wa mawe ya dhahabu kesho asubuhi, asipokuwepo kwenye mgawo atapewa mawe ya kujengea choo. Akachukua karatasi, akasaini chini mahali pa refa. Nikamwambia baba, hujaandika kitu juu. Akasema, jaza wewe. Kanuni nazijua mimi, lakini mambo unayajua wewe. Akapanda bodaboda huyo akaenda.

Nimebaki na karatasi yenye saini na kisanduku kitupu. MATOKEO / SABABU YA KUTOCHEZWA. Kisanduku chenyewe kidogo, kinaingia herufi moja na maneno machache.

Mvua ikanifukuza. Nimekaa sasa chumbani na kauntabuku. Nimepiga hesabu.

Nikiandika M — Ushirombo hawakufika, wenyeji ni sisi. Tunapata mbili, kumi na sita. Tunaenda Dodoma.

Nikiandika kwamba timu zote mbili hazikuwepo, kila mmoja anapata sifuri. Tunabaki kumi na nne na kumi na nne. Geita, kumi na tano, wanaenda.

Nikiandika F, umefutwa kwa makubaliano, basi alama zinawekwa kando. Asilimia. Sisi tano kwa tisa, Ushirombo tano kwa tisa, Geita tano kwa kumi. Tumelingana na Ushirombo. Na raundi ya kwanza walitufunga kwao, hamsini na moja kwa arobaini na nane. Wanaenda Ushirombo.

Yesu na Maria! Herufi moja, safari tatu tofauti.

Jumapili, 16 Machi

Wamerudi salama. Sauti zimewakauka wote kwa kuimba. Misa ya pili hawakuamka, nimewasamehe, Mungu naye atakuwa kawasamehe.

Wamenisimulia wote kwa pamoja mpaka nikawanyamazisha niwasikilize mmoja mmoja. Kisima kiko mbali, wamechota maji ndoo zaidi ya mia. Wasichana wa Ushirombo wanakoroga ugali, wetu wanapakua. Kuna bibi mmoja wa Kisumbwa kawauliza nyie ni watoto wa nani, mbona siwajui, wakamwambia sisi ni wachezaji wenzake Salvina. Akawaambia hata hivyo mfunge vitenge vizuri. Salvina alikuwa hajala tangu Alhamisi. Dorah kamlisha kwa mkono wake, matonge sita, kayahesabu. Huyo naye kila kitu anahesabu, sijui kajifunza kwa nani.

Jeneza limeshuka saa nane na dakika tano. Ansgar kaniambia hilo. Kasema alitazama saa, akafikiria sasa Meshack anapuliza filimbi.

Halafu akaniuliza Meshack kafika salama? Nikasema kafika. Hakuuliza zaidi.

Hajui kama karatasi ni tupu. Hakuna anayejua. Iko kabatini kwangu, ndani ya Biblia.

Jumatatu, 17 Machi

Katibu wa ligi, Mzee Maganga, kapiga simu. Anataka karatasi ya mchezo wa kumi. Nikajitetea kwamba posta siiamini. Akasema basi nije nayo Jumamosi, kikao cha kufunga msimu kitakuwa Segese, katikati ya wote.

Kwenye kundi la wasapu kocha wa Geita, Luka, kashaandika. Pole kwa wafiwa, mstari mmoja. Mstari wa pili: kasikia refa hakukuta timu yoyote, kwa hiyo sifuri kwa sifuri, ligi ithibitishe. Nimekasirika nikaizima simu. Baadaye nikaiwasha. Ana haki gani ya kusema kweli kwa haraka namna hiyo! Lakini na wasichana wake nao wanasubiri. Wamecheza kumi, wamelowa jasho kumi, hawakufiwa na mtu, hilo si kosa lao.

Nilale mchana huu kidogo. Kichwa kinagonga.

Jumatano, 19 Machi

Dorah kaja maktabani wakati hakuna mtu. Kajifanya anatafuta kitabu. Rafu aliyosimama ni ya kilimo cha pamba, nikamwambia mwanangu, sema.

Kasema. Mama, sisi ndio wenyeji. Wao hawakuja. Kwa kanuni si mezani?

Nikamwambia na nyie hamkuwepo. Akajibu basi ungetubakiza watano. Watano tu, dakika kumi na tano, halafu tukapanda gari lingine tukawahi kuzika. Amelipigia hesabu, maskini, gari la saa tisa kwenda Kahama analijua. Nikamwambia mngewahi kukuta udongo umeshafunikwa. Akasema ndiyo, najua.

Halafu akalia. Si kwa sauti. Anamaliza Julai, anaenda kupangiwa shule ya msingi huko atakakopangiwa, na goli la kikapu huko hakuna. Kasema, mama, sisemi tusingeenda. Ningeenda tena hata kesho. Nasema tu nilitaka Dodoma.

Mimi nilimwambia nini? Nilimwambia chukua leso.

Alipotoka nimelaumu akili yangu yote. Mimi ndiye nilijua kanuni. Mimi peke yangu! Ningesema Ijumaa ile, watano wabaki, wangebaki. Nilinyamaza kwa aibu ya kuuliza barua. Na bado sasa ninaweza kulitengeneza. Saini ya Meshack ipo. Naandika M, naandika majina matano, nani atauliza? Meshack yuko chini ya ardhi na nyundo.

Nimechukua penseli, nimeandika M. Ndogo. Nimeitazama mpaka chai ikapoa.

Kufa kufaana, wanasema. Mama wa watu alimletea Dorah uji, leo mimi nivune ishirini kwa bila juu ya kaburi lake. Nimeifuta. Karatasi imebaki na alama ya kijivu.

Alhamisi, 20 Machi

Ansgar haulizi! Wiki nzima. Kapita saa nne: umekula? Kapita saa nane: jua kali, Mama Nelly, usikae karibu na dirisha. Anajua kuna kitu. Miaka kumi na minne tunakaa meza moja, nikibanwa na jino anajua kabla ya daktari. Na haulizi kwa sababu akiuliza itakuwa kama ananielekeza mkono.

Nampenda. Basi, nimeandika. Mimi mjane wa miaka hamsini na mbili, nina Nelly wangu anasoma Mwanza, na ninampenda mtu anayetembea na viazi vikavu kwenye rambo. Liwalo na liwe.

Lakini rekodi sijui nifanyeje.

Ijumaa, 21 Machi

Nimepiga pasi gauni. Karatasi bado tupu.

Jumamosi, 22 Machi

Segese. Naandika hapa nje, kwenye benchi la ukumbi. Nina dakika kumi alizonipa Mzee Maganga, labda zimebaki nane. Nisipoandika hapa kwanza sitaweza kuandika kule.

Tumefika saa nne, mimi, Ansgar na Dorah, maana manahodha nao walialikwa. Mji umejaa pikipiki na watu wa mgodini. Ushirombo walikuwa wameshafika, Raphael na Salvina. Salvina kanyoa kichwa, wameondoa matanga Jumatano. Dorah alipomwona kafungua kilemba chake mwenyewe akamfunga, bila kumsalimia kwanza. Ndipo wakasalimiana.

Kikao kimefika kwenye mchezo wa kumi. Luka kasimama, kasema yake kwa heshima: hakuna timu iliyofika, kanuni iko wazi.

Raphael akasimama. Mimi nilijua ataomba mchezo ufutwe, ndiyo faida yake, asilimia anaijua vizuri. Akasema: sisi Ushirombo ndio wageni, sisi ndio hatukufika. Mbula wapewe mezani. Nimemaliza.

Dodoma ameiweka mezani kama mtu anayerudisha sahani.

Ansgar karuka! Sijamwona hivyo tangu wale ng'ombe wa 2015. Raphael, usinidanganyie kikao, mchezo tuliufuta mimi na wewe kwa simu Ijumaa asubuhi. Raphael akasema simu si barua, mwalimu, kanuni ya kumi na tisa. Ansgar akasema sasa unanifundisha kanuni wewe? Raphael akasema shikamoo mwalimu, lakini watoto wako walibeba maji kwenye msiba uliompata nahodha wangu, mimi nikawapite Dodoma kwa asilimia? Thubutu! Ansgar akasema na mimi nikapande basi juu ya jeneza, utaniona mtu? Wakawa wanapigiana kelele kama wachuuzi wa nyanya, kila mmoja anamsukumia mwenzake safari.

Luka kakaa chini. Katazama mikono yake. Nimemhurumia.

Mzee Maganga kagonga meza. Kasema miaka ishirini na moja anaamua ugomvi wa watu wanaotaka kushinda, leo analetewa watu wanaogombea kushindwa, na yeye kanuni ya hilo hana. Karatasi ya refa iko wapi?

Nimeitoa. Kaigeuza mbele, nyuma. Mama Nelly, mbona imesainiwa na haina kitu?

Aibu niliyoipata! Miaka kumi na minne. Nimemwambia kweli yote, Meshack alivyoniamini, nami nilivyoshindwa. Hakunifokea. Kasema toka nje, jaza, makocha wote wawili wasaini ubavuni, nitakachokisoma ndicho kitakachohesabiwa. Dakika kumi.

Basi. Nilichokiona uwanjani mimi ni meza na mbwa. Nikiandika nilichokiona, ni sifuri na sifuri. Ninachokitaka nakijua, kimekaa pale kwenye ngazi kimemfunga mwenzake kilemba, kinatafuna mahindi ya kuchoma. Mwanangu Dorah. Na kilichotokea pia nakijua. Kabla ya saa nane, kabla ya Meshack, kabla ya barua ambayo hakuna binadamu angeiandika, watu wawili walikubaliana mchezo usiwepo kwa sababu mama wa mtoto kafa. Kikao kinaweza kuilalamikia kwa kukosa barua. Hilo ni lao. La kwangu ni kuandika kilichotokea.

Nimeandika. F. Kwa wino. *Umefutwa kwa makubaliano ya timu zote mbili, msiba.* Macho hayakunisaidia.

Ansgar katoka. Kasimama nyuma ya bega langu, kasoma, kachukua kalamu yangu, kasaini. Kaniwekea mkono begani na hajautoa mpaka sasa naandika, na naandika kwa kalamu yake yeye, maana yangu kaichukua Raphael.

Raphael naye katoka, kasoma. Amesimama nayo. Hasaini. Kasema Mama Nelly, mimi nitamwangaliaje yule? Akaonyesha Dorah kwa kidevu. Nimemwambia baba, saini, wananiita. Mzee Maganga kachungulia dirishani, kaonyesha saa. Raphael karatasi ameiegemeza ukutani, kalamu iko hewani.

Dorah kainuka kaja. Kasoma juu ya mkono wa Raphael. Huyo mtoto hesabu haimchelewi. Kanitazama mara moja, kisha kageukia barabarani.

Salvina kamfuata nyuma, kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Ananiuliza: mama, hiyo F ndiyo nini?

Sijamjibu. Raphael katazama chini.

Dorah kajifuta uso kwa mkono wa trakisuti. Kamshika Salvina bega, kamgeuza, na anamweleza yeye. Anahesabu kwa vidole, taratibu, kama anafundisha darasa la pili. Haya sikiliza. Mmecheza tisa. Si ndiyo? Tisa. Sasa, kati ya hiyo tisa mmeshinda —